Mbwa wangu anaiba kandambili za kushoto tu, nyie mnaofuga mmeshawahi kuona hii?

Boda wa Katubuka

Mwakeye wakuu. Niko Kigoma hapa Katubuka, napiga boda, nina kesi ya mbwa na naomba msicheke kwanza mpaka nimalize.

Nina mbwa anaitwa Bosi, koko wa hapahapa, nilipewa na jamaa mmoja wa Kibirizi akaniapia kabisa kwamba mama yake ni mkali balaa, nikajua nimepata mlinzi. Sasa hivi ana miezi mitano na kitu. Ukali bado sijauona, yani mwizi akija huyu atamshikia tochi. Ila tatizo langu sio hilo, tatizo ni kandambili. Anaiba. Na haibi pea, anaiba ya kushoto tu! Hapa ninavyoandika kuna kandambili nne za kulia zimepangana mlangoni kama zinasubiri mgao, rangi nne tofauti, za kushoto sijui ziko wapi. Jana asubuhi nimetoka nimevaa mbili zote za kulia, nikampakia mama mmoja anaenda sokoni Mwanga, wakati anashuka akaniangalia miguu muda mrefuu afu akasema mwanangu, uko sawa kweli?

Za mke wangu hagusi. Zangu tu.

Kinachoniudhi zaidi ni ile sura. Nikimuuliza Bosi iko wapi, anashusha masikio, anageuza uso pembeni ila jicho moja limebaki kwangu mpaka weupe unaonekana, mkia unapigapiga chini polepole, kama mtu aliyeitwa kikao cha ukoo. Sasa si ina maana anajua kosa? Na kama anajua mbona kesho anarudia? Mke wangu anasema tumuuze, nikamwambia nani atanunua huu mzigo.

Kwa nini kushoto, anazipeleka wapi, na dawa yake nini?

Kaka Mkuu

Weka kandambili ndani. Uzi ufungwe.

Wifi wa Isevya

Hahaha kaka umeniua hapo kwenye tochi. Mimi niko Tabora, mbwa wetu anaitwa Wambea, hilo jina nilimpa kwa makusudi maalum, jioni nasimama mlangoni naita WAMBEAAA njooni mle, kuna nyumba ya pili kutoka kwetu nasikia dirisha linafungwa pwaa. Sasa Mungu naye ana mambo yake, mbwa mwenyewe akatoka mmbea kuliko wote, hakuna mgeni anayepita mtaani hajaenda kumnusa na kumsindikiza mpaka anapokwenda afu anarudi kukaa barazani kama anasubiri tumuulize kaona nini.

Ila ujinga wake mkubwa ni embe. Tuna mwembe umeinamia bati, na mnaijua Tabora na embe zake, kuanzia Novemba huko usiku kucha ni paa! paa! juu ya bati. Wambea mchana anabwekea mpaka kuku. Usiku embe la kwanza likidondoka tu anapita katikati ya miguu ya watu anaenda uvunguni, kichwa kimeingia, matako yamebaki nje, anatetemeka, ndo kajificha hapo. Asubuhi anatoka kwa mbwembwe anaenda kulila lilelile embe lililomtisha. Analishika kwa miguu ya mbele, anamenya na meno kwa utaratibu, afu analamba kokwa mpaka linabaki na nywele kama kichwa cha mzee. Yani ukimuona usoni kuna nyuzi za embe zimenasa kwenye meno anajaribu kuzitoa na ulimi, anazunguka, anapiga chafya.

Ila kokwa tunamnyang'anya, mwaka juzi mbwa wa jirani alimeza zima likamziba utumbo, hakupona.

Mzee wa Reli

Vijana mnafurahisha.

Boda wa Katubuka, kwanza usimuuze. Miezi mitano ni umri wa kubadilisha meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, kuanzia miezi mitatu minne yanaanza kung'oka mpaka kwenye miezi sita saba anakuwa na 42 ya utu uzima. Fizi zinamuwasha, na kandambili ya mpira ni laini inabonyea, kwake hiyo ni kama mtoto wa binadamu na kile kidude cha mpira cha kung'ata. Kagua uani kwako unaweza kukuta kijino. Mpe kitu chake cha kung'ata, mfupa mkubwa mbichi usiopasuka, au kitambaa cha zamani kifunge mafundo kiloweshe maji ya baridi.

Pili, amechanjwa? Nauliza kwa sababu mbwa mwenye kichaa naye hubadilika tabia na kutafuna vitu visivyoliwa, sisemi wako anacho, huyo wako ni mtoto tu, ila chanjo anatakiwa apate akifika miezi mitatu na kila mwaka irudiwe. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi zoezi la chanjo hupita mitaani, lakini usisubiri Septemba, muone mtu wa mifugo wa kata yako.

Sasa na mimi nitoe langu. Nilifanya kazi reli, nimestaafu, nakaa Tabora si mbali na njia. Nina mbwa mzee, kelele za pikipiki hazimshtui, lori halimshtui. Lakini treni ikipiga honi anainuka hata kama alikuwa usingizini, anakaa kitako, anainua pua juu, anaimba. Uuuuuu. Macho kafumba kabisa. Honi ikinyamaza na yeye ananyamaza, anangoja, ikirudia anarudia. Nasikia sauti ndefu ya mlio mmoja kwao ni kama mwenzao anaita kwa mbali, kwa hiyo huyu maskini anaamini kuna mbwa mkubwa sana anapita Tabora kwenda Kigoma na mwingine kwenda Mwanza na hawajawahi kusimama kumsalimia. Mke wangu marehemu alikuwa anamwambia muitikie basi, atakuja.

Boda wa Katubuka

Shikamoo mzee. Pole kwa mama. Chanjo kapata mwezi uliopita, kadi ninayo. Nikitoka job leo nakagua meno.

Mgebuka Mkavu

Ngoja ngoja ngoja. Bosi katoka Kibirizi? Mama yake ni wa kahawia ana soksi nyeupe miguu ya mbele na sikio moja limekatika ncha? Kama ndiye, mkuu umepigwa. Yule tunamuita Bibi Afya, kwa sababu kila asubuhi yuko mwaloni anakagua dagaa kuliko wakaguzi. Ukali hana hata wa dawa.

Yule mbwa ratiba yake naijua maana nauza dagaa pale. Mitumbwi ikirudi alfajiri yeye kashafika. Haibi kwenye chanja, hapana, anajua akina mama wa pale wana fimbo, anachofanya anachagua mama mmoja mgeni, anakaa mbele yake, anamwangalia usoni bila kupepesa mpaka yule mama anashindwa anamtupia. Sasa kuna zile siku za mbalamwezi, nyie wa Kigoma mnajua, dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwa mkubwa ziwani hakuendwi, watu wanashona nyavu wanalala. Mbwa hajui kalenda. Anakuja vilevile, mwalo mtupu, anakaa kwenye mchanga kalielekea ziwa, jua linatoka, yeye kakaa tu anaangalia upande wa Kongo kama mtu aliyeahidiwa hela. Afu akikata tamaa anatafuta samaki aliyeoza kule pembeni analala chali anagaagaa nayo shingoni na mgongoni kama anapaka losheni, anainuka kapendeza, anaenda kusalimia watu. Nimeshawahi kukumbatiwa naye nimevaa shati la harusini.

Kwa hiyo mtoto kutoka na tabia sishangai. Ila swali, ukifika nyumbani kandambili unavulia wapi?

Boda wa Katubuka

Ndiye!! Sikio na soksi ni yeye kabisa. Jamaa kaniuzia maneno.

Navulia hapo uani... ngoja nifikirie. Nikiegesha pikipiki nasukuma stendi na mguu wa kushoto, hapo kandambili ya kushoto inachomoka au naiacha palepale, naingia na moja, ya kulia naivulia mlangoni. Na Bosi mchana analala chini ya pikipiki kwenye kivuli. Eeeh!

Mgebuka Mkavu

Kwisha habari. Hajachagua kushoto, wewe ndo unampelekea kitandani.

Kijana wa Mifugo

Niongezee hapo kwenye ile sura. Hapa nafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo na kila wiki mtu ananiambia mbwa wangu anajua kosa ona anavyojisikia aibu. Kuna mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, mwaka 2009 alitoa matokeo ya jaribio lake na mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza mbwa asile kitu kisha anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa kala au hajala, ila mara nyingine anaambiwa uongo. Kilichoonekana ni kwamba ile sura ya hatia haikufuata nani kala, ilifuata nani kafokewa. Na waliofokewa wakati hawajala kitu ndio waliinama zaidi!

Kwa hiyo Bosi anaposhusha masikio hakwambii nimekosa, anakwambia naona umekasirika tafadhali tusigombane. Kandambili ya asubuhi kashaisahau, hawezi kuunganisha na kelele zako za saa kumi na mbili jioni. Ukimkuta nayo mdomoni sawa, mbadilishie na mfupa, ila ukimfokea baadaye unamfundisha tu kwamba wewe ukirudi kazini una wazimu.

Na kwa nini zako sio za mke wako, harufu hiyo. Unashinda juani na miguu ndani ya kandambili masaa kumi na mbili, pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 sisi tuna kama milioni 6, kwake ile kandambili ni wewe mwenyewe mzima umelala chini ya pikipiki. Usipokuwepo anakaa na wewe.

Wifi wa Isevya

Jamani mpaka nimemuonea huruma. Kaka mnunulie na soksi.

Mmanyema wa Ujiji

Sisi nyumbani hatufugi, babu hataki mate ya mbwa yasogelee nguo zake za kuswalia, na ndoo ya maji ikilambwa inaoshwa mara saba. Ila kuna mbwa wa jirani kajiajiri kwetu. Babu akitoka alfajiri kwenda msikitini anamkuta nje ya geti, anamwambia toka hapa, mbwa anarudi nyuma hatua kama kumi na tano, babu akitembea naye anatembea, babu akisimama anasimama anajifanya ananusa ukuta. Hivyohivyo mpaka wanafika, anamsubiri chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, wanarudi na umbali wao. Siku babu alipoumwa homa mbwa kaenda peke yake akasubiri akarudi. Tangu hapo kila jioni kwenye ukuta kuna ngozi ya samaki na vichwa vya migebuka, ukimuuliza babu nani kaweka anasema nimesahau pale.

Boda wa Katubuka

Wakuu mrejesho. Mzee wa Reli shikamoo tena, kijino nimekipata! Na sio uani, kimenasa kwenye mpira wa kandambili, kidogo kama punje ya mchele ila kimechongoka, mke wangu kakiweka kwenye kibati cha shilingi sijui kwa ajili ya nini.

Jana sikwenda kazini mchana, nikaacha kandambili palepale nikajifanya nalala nachungulia dirishani. Bosi kaamka, kajinyoosha, kanusa, kaibeba kwa kamba ya katikati ya vidole, kichwa juu kabisa maana inamkwaza miguu, kapita nyuma ya choo kwenye ule mgomba wa mwenye nyumba. Nimeenda kufukua. Zimo nne zangu zote. Moja kaifukia kichwa kichwa tu kisigino kiko nje, hata hakujisumbua.

Sasa shida. Zimo na vitu vingine. Soksi ya mtoto, gunzi, na sapatu ya ngozi ya mwenye nyumba, ile aliyotuitia kikao wapangaji wote akasema humu ndani kuna mwizi na anamjua. Na mkuu Mgebuka, nadharia yako ya stendi nzuri lakini mzee hana pikipiki, na sapatu yenyewe ni ya kushoto.

Nifanyeje?

Kaka Mkuu

Nilisema wekeni ndani.

Wifi wa Isevya

Ifute vumbi, usiku mrudishie mlangoni kimyakimya, asubuhi mshangae wote pamoja. Usithubutu kukiri.

Boda wa Katubuka

Dada nilifanya hivyohivyo. Nimeisugua na kitambaa, saa nne usiku nimeiweka mlangoni kwake nikarudi kwa kunyata, sijasikia hata kikohozi.

Asubuhi hii mwenye nyumba kaja kugonga kuhusu bili ya maji, tumesimama pale mlangoni tunahesabu uniti, Bosi akatokea nyuma ya choo na sapatu mdomoni, akaja akaiweka katikati yetu, akakaa, anatikisa mkia anatuangalia mmoja mmoja.