Bima ya santuri za mzee, nyumbani Moshi: nizikatie vipi?

FundiWaRau (Moshi)
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua bima.

Mzee wangu alikuwa fundi redio hapa Moshi mjini. Ametangulia mbele za haki na kuniachia santuri kama 600 hivi. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za bendi zetu za zamani: Morogoro Jazz, NUTA, Atomic, Tabora Jazz. Zipo LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, na lipo boksi la zile nzito za mizunguko 78, humo zimo za Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mzee alikuwa akivuka mpaka hadi Taveta, Kenya, kuzifuata, na nyuma ya majaketi mengi ameandika kwa mkono wake duka alilonunua na tarehe. Kalamu ya wino, herufi zimelala upande kama zinakimbia.

Juzi nyumba ya jirani imeungua kwa hitilafu ya umeme. Nimeita wakala, akaniambia nikate bima ya vitu vya ndani ya milioni 15, santuri ziwe humo humo na kochi na friji. Nikamuuliza zikiungua mnanilipa nini, akajibu tutaangalia wakati huo. Roho yangu haijatulia. Thamani yake naipataje? Siuzi hata moja, nataka tu zilindwe ipasavyo.

MamaNgarenaro (Arusha)
Pole kwa msiba, mwanangu. Nimefanya kazi ya bima hapa Arusha mpaka kustaafu, muda mwingi upande wa madai. Hiyo fomu usiisaini kwanza.

Tuanze na hiyo milioni 15. Pita chumba kwa chumba ujumlishe kila kitu, santuri zikiwemo. Tuseme umepata milioni 30, na kwenye fomu umeandika 15. Moto ukila vitu vya milioni 6, kampuni haikupi 6, inakupa 3, kwa sababu umekatia nusu tu ya mali yako na nusu nyingine ya hasara unaibeba mwenyewe. Hiyo ni kabla hawajatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba katika kila dai. Watu walikuwa wanakuja wameshika hati, wanaamini kiwango chao kinatosha kabisa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwaeleza. Iliniuma kila mara.

La pili, bima ya vitu vya ndani kwa kawaida ina kikomo cha malipo kwa kitu kimoja chenye thamani kubwa kisichotajwa. Na atakayekuja kukadiria hasara huenda hajawahi kushika santuri maishani mwake. Ataandika "sahani za muziki, kuukuu", atoe uchakavu, akuachie hela ya nauli.

Kwa hiyo omba santuri ziwekwe kifungu cha peke yake, kwa thamani ambayo wewe na kampuni mmekubaliana kabla, na orodha yake iambatanishwe kwenye hati na kugongwa mhuri. Wakala huyo akisema haiwezekani, tafuta dalali wa bima. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakutafutia wewe.

Halafu soma ukurasa wa visivyolipwa, usome mpaka mwisho. Ukungu, wadudu, kupinda kwa joto, chochote kinachoharibu polepole, hakilipwi. Wizi bila dalili ya kuvunja mara nyingi haulipwi. Mkipanda mlimani Desemba nyumba ikabaki tupu, angalia hati inaruhusu siku ngapi, nyingi huweka 30. Na ukianza kuzipiga kwenye sherehe kwa malipo, waambie, maana hiyo inahesabiwa biashara.

SindanoYaAlmasi (Arusha, Sakina)
Mama amemaliza upande wa hati. Mimi nakusanya santuri, nikusaidie kwenye thamani.

Usitumie bei ya mtaani, mtaani watakwambia ni takataka. Ingia Discogs, tovuti ya wakusanya santuri, tafuta kila santuri kwa namba ya katalogi iliyo kwenye lebo, kisha linganisha na ile namba iliyochongwa kwenye plastiki pale muziki unapoishia. Hiyo ndiyo inayotofautisha toleo la kwanza na la baadaye. Angalia bei ambazo watu wamelipa kweli. Zile wanazoomba wauzaji ziache. Kisha kuwa mkali kwenye hali yake: mikwaruzo, jaketi, lebo iliyochanika.

Kwenye maelezo ya thamani andika na historia. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na zilizokwisha kuingia upande wetu ndizo hizo. Haziagizwi tena kiwandani, na anayezipata leo anazinunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, juu yake usafiri na kodi.

Piga picha pande zote mbili, karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu ili mikwaruzo ionekane. Mwandiko wa mzee upige peke yake. Nakala ya orodha iweke kwenye barua pepe na nyingine kwa ndugu, nje ya nyumba hiyo. Na tafadhali sana, zile za 78 usizisafishe kwa spiriti, inayeyusha shellac, ile gundi ngumu zilizotengenezwa nayo.

Kijana_Pasua
Mkuu, si uzirekodi tu kwenye kompyuta? Bima ya nini kila mwaka?

SindanoYaAlmasi (Arusha, Sakina)
Azirekodi, ndiyo, tena mapema. Lakini sauti ikibaki na santuri zikaungua, bado amepoteza mali ya mamilioni. Hayo ni mambo mawili.

FundiWaRau (Moshi)
Nawashukuru sana. Shikamoo mama. Nimeanza orodha, jana nimefika nusu ya Morogoro Jazz. Swali moja: za bendi moja nimezipanga mfululizo. Ikiibwa moja, thamani ya zilizobaki inashuka. Wanalipa hilo?

MamaNgarenaro (Arusha)
Marahaba mwanangu. Kwa kawaida hapana, wanalipa iliyopotea tu. Omba kipengele cha seti kiandikwe, utaongeza ada kidogo. Ada yenyewe ina VAT, iulize mapema. Ukishalipa, hakiki namba ya hati kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla ya kutulia. Kukitokea mvutano wa madai, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kila mwaka unapohuisha, peleka bei mpya, maana za Mbaraka Mwinshehe hazikai bei moja.