Choo cha Wageni, Nyumba ya Mama Ujiji: Gumzo la Kikundi cha Familia

JUMATATU

Dada Mkubwa, saa 12:40 asubuhi
Asalaam aleikum wanafamilia, na shikamooni wakubwa wote. Jana jioni nilikuwa na fundi bomba nyumbani kwa Mama, na tumekubaliana kwamba ile stoo ya upande wa magharibi, iliyokuwa ikiwekwa madumu ya mawese, ndiyo itakayokuwa choo na bafu la wageni. Nimeipima mwenyewe kwa futi kamba. Ina urefu wa mita 2.4 kutoka kaskazini kwenda kusini, na upana wa mita 1.5. Fundi anataka kumwaga jamvi Jumamosi, na mabomba yakishafunikwa na zege hakuna wa kuyahamisha bila kuvunja, kwa hiyo ninaomba kila mmoja atoe maoni yake kabla ya Alhamisi jioni. Wakwe kutoka Tabora wanakuja na mahari mwezi wa kumi na moja, na safari hii sitaki yatokee yale ya arusi iliyopita.

Dada Mkubwa, saa 12:52 asubuhi
[Picha]
Huo ni mchoro wa fundi. Sinki la choo liko mwisho, kwenye ukuta wa kaskazini, na anayekaa anautazama mlango. Shawa iko katikati, na beseni la kunawia mikono liko karibu na mlango.

Dada Mkubwa, saa 3:30 asubuhi
Ninaona watu 11 wamekwisha kusoma na hakuna aliyejibu. Ndugu zangu, kimya si jibu, na fundi ananipigia simu mimi, hawapigii ninyi.

Mdogo wa Dodoma, saa 4:05 asubuhi
Shikamoo Dada. Nimeutazama mchoro. Kama shawa iko katikati, kila anayekwenda haja atapita kwenye sakafu yenye maji, na mgeni mzee anaweza kuteleza. Ninapendekeza mahali pa kuogea pawe mwisho kabisa, ili sehemu iliyo karibu na mlango ibaki kavu.

Dada Mkubwa, saa 4:09 asubuhi
Marahaba. Hilo ni wazo zuri na nitamwambia fundi. Wengine?

Mama Mdogo, saa 7:15 mchana
Mimi ninaomba liwe sinki la kuchuchumaa. Maji ya bomba yanapokatika, la kuchuchumaa linatosheka na kopo moja au mawili, yaani lita 2 au 3, lakini tanki la sinki la kukaa linameza lita 6 mpaka 9 kila mara. Kwa wageni 20 hesabu hiyo ni kubwa.

Dada Mkubwa, saa 7:21 mchana
Mama Mdogo, shikamoo. Hesabu yako ni ya kweli, lakini mama wa bwana harusi ana maradhi ya magoti, na Mama yetu mwenyewe hawezi tena kuchuchumaa tangu alipoanguka. Choo hiki kitaitwa cha wageni, lakini wageni wakiondoka atakayekitumia usiku ni yeye.

Binamu wa Kasulu, saa 7:40 mchana
Ninaomba jambo moja tu, kwamba dirisha la choo lisitazamane na jiko la uani. Siku ya arusi ile mjomba aliingia kuoga, akasikia harufu ya migebuka inayoungwa kwa mawese, akatoka na povu kichwani kuuliza kama ugali umekwisha kuiva.

Mdogo wa Dodoma, saa 7:42 mchana
Na aliletewa sahani akala akiwa na taulo begani! Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa furaha.

Binamu wa Kasulu, saa 7:44 mchana
Alisema migebuka haimsubiri mtu aliyevaa.

Dada Mkubwa, saa 8:02 mchana
Mungu amrehemu mjomba. Sasa turudi kwenye sinki, kwa sababu zimebaki siku tatu.

JUMANNE

Dada Mkubwa, saa 1:10 asubuhi
Mchango ni shilingi 150,000 kila mmoja. Mpaka sasa wametoa wawili. Fundi amenunua bomba la inchi 4 la maji ya choo na la inchi 2 la maji ya kuogea, na yote mawili ataelekeza kwenye karo letu la siku zote.

Shangazi, saa 2:25 asubuhi
Waaleikumu salaam. Nimesoma tangu jana na sikutaka kusema, lakini sasa umeandika "karo letu la siku zote" kana kwamba lilishushwa na mvua. Lile karo na shimo lake la kunyonya maji machafu mlilichimba mahali palipokuwa na mwembe wa Bibi yenu, nami nilikuwa Kibondo kuuguza, na nilirudi nikakuta kisiki. Niliambiwa maneno ambayo sitayarudia hapa, na aliyeyasema yumo humu. Kutoka shimo lile mpaka kisima changu ni hatua ishirini na kidogo. Ardhi yetu inashuka kuelekea ziwani, kisima kiko chini na shimo liko juu. Tangu mwaka ule sinywi maji ya kisima changu, ninafulia tu. Sasa mnaongeza choo cha wageni 20.

Dada Mkubwa, saa 2:51 asubuhi
Shikamoo Shangazi. Tafadhali usilichukulie hivyo. Karo lilichimbwa kwa haraka kwa sababu Baba alikuwa mgonjwa, na choo cha shimo kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyekusudia kukuharibia kisima.

Shangazi, saa 2:55 asubuhi
Sikusema mlikusudia. Nimesema sinywi maji yangu.

Binamu wa Kasulu, saa 5:18 mchana
Kwa upande wangu ninapenda marumaru za rangi ya samawati, kama ziwa.

Dada Mkubwa, saa 5:20 mchana
Binamu, ninakuomba, rangi tutaijadili baadaye.

Dada Mkubwa, saa 3:05 usiku
Kaka wa Uvinza, wewe ndiye uliyesomea ujenzi katika familia hii, na hujaandika hata neno moja.

JUMATANO

Baba Mkubwa, saa 4:30 asubuhi
Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mjukuu wangu amenisomea maneno yenu yote, na haya ninayoyasema anayaandika kama ninavyoyatamka.

Kwanza ni kibla. Hapa Ujiji kibla ni upande wa kaskazini, ukiinama kidogo mashariki, na mihrabu ya msikiti wetu inawaonyesha. Mchoro wa fundi unamkalisha mtu akiwa ameupa mgongo upande huo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Ninajua kwamba wapo wanachuoni walioruhusu ndani ya kuta za nyumba, lakini sisi tunajenga upya, nafasi tunayo, na zege bado halijamwagwa. Kwa nini tuchague kuegemea ruhusa wakati tunaweza kuligeuza sinki?

Pili ni kisima. Mwembe ulipokatwa mimi nilikuwepo, nilikuwa mzima, na nilinyamaza kwa sababu ndugu yangu alikuwa kitandani na sikutaka kelele juu ya kichwa chake. Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa, na ninamwomba mdogo wangu radhi mbele yenu. Lakini maji ni haki ya jirani, na jirani huyu ni damu yenu. Sitakaa katika baraza hiyo kupokea mahari ya mjukuu wangu wakati maji ya choo cha wageni wangu yanashuka kwenye kisima cha dada wa baba yenu. Ijumaa baada ya sala nitakuja kuliona shimo hilo kwa macho yangu.

Dada Mkubwa, saa 11:48 jioni
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Mdogo wa Dodoma, saa 11:50 jioni
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Mama Mdogo, saa 12:20 jioni
Tumesikia, Shemeji. Mungu akuzidishie afya.

Kaka wa Uvinza, saa 2:14 usiku
Shikamooni nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa, nilikuwa kazini mahali pasipo na mtandao. Nimesoma kila kitu, na ninaona kwamba neno la Baba Mkubwa kuhusu kibla linatupa mpangilio bora kuliko ule wa fundi.

Tuuchukue ukuta wa magharibi kuwa ndio ukuta wa maji, vitu vyote vitatu vipangwe juu yake. Mwisho wa kaskazini, sentimita 90 ziwe za kuogea. Zinazofuata, sentimita 80, ziwe za sinki la choo, ili kutoka katikati ya sinki kuwe na sentimita 40 kila upande na mtu asibanwe viwiko. Sentimita 64 za mwisho ni za beseni la kunawia. Anayekaa atatazama mashariki, na kibla kitakuwa ubavuni mwake. Dada, ulipima ukuta mtupu; plasta na marumaru vitakula kama sentimita 3 kila upande, kwa hiyo urefu utabaki mita 2.34 na upana mita 1.44. Sinki la kukaa likichukua sentimita 70, mbele ya magoti zitabaki 74, na zinazohitajika ni 60 hivi. Inatosha.

Mlango ubaki ukuta wa kusini, usogezwe kona ya mashariki ili usigongane na beseni, uwe na upana wa sentimita 80, na ufunguke kwa nje. Hili la kufunguka kwa nje ninalisisitiza kwa ajili ya Mama. Akianguka ndani, mwili wake hautauzuia mlango, na tutamfikia. Sitaki tena kusimulia usiku ule tuliposukuma mlango.

Dada Mkubwa, saa 2:20 usiku
Usisimulie. Endelea.

Kaka wa Uvinza, saa 2:41 usiku
Sakafu ya kuogea iwe chini kwa sentimita 2 kuliko nyingine, na iinamie tundu la maji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Marumaru za sakafuni ziwe za kukwaruza, si zile zinazong'aa, rangi yoyote. Pembeni mwa sinki kiwekwe chuma cha kushikia pamoja na bomba dogo la kutawazia. Simtanki letu limeinuliwa mita 2 tu, kwa hiyo shawa haitakuwa na nguvu. Fundi aweke koki ya chini pia, kwa ndoo na kata, kwa sababu ndivyo wageni wengi watakavyooga hata hivyo.

Jambo kubwa sasa. Ukuta wa magharibi ni wa nje. Tukinunua sinki linalotoa maji ukutani badala ya sakafuni, bomba la inchi 4 litatokea nje moja kwa moja, halitapita chini ya jamvi. Litakalofunikwa na zege ni bomba la kuogea peke yake. Maana yake ni kwamba hatulazimiki kuamua habari ya shimo kabla ya kumwaga jamvi. Tafadhali fundi asinunue sinki mpaka niseme ni la aina gani, kwa sababu dukani yanafanana.

Mdogo wa Dodoma, saa 2:50 usiku
Na shimo lenyewe?

Kaka wa Uvinza, saa 3:03 usiku
Inashauriwa shimo la kunyonya liwe mita 30 kutoka kisimani, na chini yake pabaki angalau mita 1 na nusu za udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Hatua ishirini na kidogo za Shangazi hazifiki mita 20. Kwa hiyo Shangazi ana haki, na alikuwa nayo tangu mwanzo. Uani upande wa mashariki nafasi ipo. Bomba likizunguka nyuma ya nyumba ni mita 14, na likishuka sentimita 2 na nusu kwa kila mita, mwisho litakuwa limeshuka sentimita 35, si kina cha kutisha. Kila kona ijengewe chemba yenye mfuniko, ili likiziba lizibuliwe bila kuchimba. Lakini karo jipya na shimo jipya ni pesa, na ni lazima vichimbwe kabla mvua hazijakolea.

Mama Mdogo, saa 3:15 usiku
Ziwa lilipopanda mwaka 2021 tuliona wenyewe, waliokuwa karibu na ufuko mashimo yao yalijaa maji kutoka chini. Bora kupima kwanza kuliko kulia baadaye.

Shangazi, saa 4:02 usiku
Kaka yangu uliyeniomba radhi, nimekusamehe. Wewe hukukata mwembe.

ALHAMISI

Dada Mkubwa, saa 12:30 asubuhi
Asalaam aleikum. Nimeongea na fundi. Atafuata mpangilio wa Kaka, mlango utafunguka kwa nje, na sinki litakuwa la kukaa. Mama Mdogo, uniwie radhi kwa hilo. Jamvi halitamwagwa Jumamosi mpaka Baba Mkubwa awe amekuja Ijumaa. Shangazi, ninaandika hapa mbele ya wote. Maneno yale uliyoambiwa uliporudi kutoka Kibondo niliyasema mimi. Nilikuwa nimechoka na kuuguza, lakini uchovu hauyafanyi kuwa halali. Ninaomba kesho asubuhi nije tupime pamoja kutoka kisimani.

Shangazi, saa 1:44 asubuhi
Kamba ya kupimia ninayo. Njoo mapema, kabla jua halijawa kali.

Dada Mkubwa, saa 1:46 asubuhi
Nitakuja saa moja, inshallah. Sasa ninauliza, shimo jipya likihitajika, gharama yake iingie kwenye mchango huu au tuchange upya? Wametoa wanne tu mpaka sasa, na pesa iliyopo inaishia kwenye marumaru na mlango.

Dada Mkubwa, saa 6:10 mchana
Wanafamilia?

Mdogo wa Dodoma, saa 8:33 mchana
Mimi mwisho wa mwezi, Dada.

Binamu wa Kasulu, saa 12:05 jioni
Nipo safarini kurudi Kasulu na mtandao unakatikakatika. Swali la shimo nimeliona, nitajibu nikifika.