Tupeane uzoefu: uliyesoma uchumi chuo kikuu, shahada yako imekufikisha wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, na anataka kuomba shahada ya uchumi. Mzee wetu anamshauri achukue uhasibu, kwa kuwa kazi ya mhasibu inajulikana, lakini ya mchumi haonyeshwi ilipo. Nawaomba mliopita njia hiyo, Unguja na Pemba, mtueleze mlichosoma na kazi mnazofanya.

Kutoka Mjini, Unguja

Waalaykum salaam. Nilisoma uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sasa nafanya kazi ya takwimu za bei. Mfumuko wa bei unaotangazwa redioni huanzia sokoni. Muhogo na dagaa huuzwa kwa fungu, na fungu la mwezi huu huenda likawa dogo kuliko la mwezi uliopita, kwa hiyo mkusanyaji hulipima kwa mizani apate bei ya kilo. Muuzaji akibakisha bei ile ile huku fungu limepungua, kwetu sisi bei imepanda. Bei hizo huingizwa katika fomula ya Mjerumani Laspeyres ya mwaka 1871, ambayo hulinganisha gharama ya kapu lile lile la matumizi kati ya kipindi kimoja na kingine. Chuoni niliikariri kwa ajili ya mtihani, na leo ndiyo riziki yangu. Mzee aambiwe kwamba kazi ya mchumi ipo, na ni ya kupima vitu.

Kutoka Wete, Pemba

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu karafuu, zao lililotusomesha wengi wetu huku. Nilipoanza nilidhani bei ya karafuu ni suala la Zanzibar peke yake, kwa sababu mkulima huliuzia shirika la serikali, ZSTC, kwa bei iliyopangwa. Kumbe mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani ni Indonesia, ambako karafuu nyingi hutiwa katika sigara zao za kreteki, na mavuno yao yakiwa mabaya hulazimika kununua nje, bei ikapanda duniani kote. Wala mkulima wetu hawezi kuifuata bei hiyo kwa haraka, maana mche wa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mti wenyewe hauzai sawasawa kila mwaka. Sasa mimi ni afisa mikopo benki, na kila ninapopokea ombi la mkulima napanga marejesho yaendane na msimu wa mavuno, kwani kumdai kila mwezi mtu anayepata fedha kwa msimu ni kumtafutia deni lisilolipika.

Kutoka Chake Chake

Nafundisha uchumi skuli ya sekondari. Ililazimu nisome ualimu baada ya shahada, na naipenda kazi yangu.

Kutoka Nungwi

Niseme wazi kwamba ajira haikuja haraka. Nilianza kwa vibarua vya kukusanya taarifa za utafiti nyumba kwa nyumba, ndipo nikaajiriwa hotelini kupanga bei za vyumba. Wakati wa masika wageni hupungua, na Agosti vyumba hugombewa. Nakadiria mahitaji ya kila wiki kutokana na takwimu za miaka iliyopita, kisha napendekeza bei. Usaili wenyewe ulikuwa kupewa faili la namba na kuambiwa nieleze linasema nini. Wenzangu waliokwepa takwimu na ekonometriki (somo la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) chuoni walipata tabu sana katika usaili wa namna hiyo.

Mwenye mada

Ahsanteni sana. Je, aliyepata alama ya wastani katika hesabu ataweza?

Kutoka Mjini, Unguja

Ataweza, ila mwaka wa kwanza asiupuuze, kwa sababu kalkulasi na takwimu za mwaka huo hurudi katika karibu kila somo linalofuata. Kabla ya kuchagua chuo aombe orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, aangalie kama ekonometriki inafundishwa kwa vitendo kwenye kompyuta. Na ombi la mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar alitayarishe mapema, vyeti vyote vikiwa mkononi.