Furu Ana Mimba: Gumzo la Wapangaji wa Bibi, Mabatini, Mwanza

JUMAMOSI

[06:52] Mama Neema: Mwangaluka majirani. Samahani kwa kuwaamsha. Nani anamlisha paka wangu Furu kwa siri? Tumbo limejaa kama katoka harusini.

[06:55] Mama Kulwa: Si mimi. Dagaa zangu nazihesabu.

[06:58] Baba Pendo: Mama Neema, huyo hajala. Huyo kaliwa 😂

[07:01] Mama Neema: Weee! Katoto ka miezi saba?

[07:03] Shija Mabuki: Shikamooni wakubwa, kutoka huku chuo cha mifugo. Paka jike anaweza kushika mimba tangu miezi minne, mitano. Miezi saba ni bibi harusi. Mgeuzeni mtazame chuchu. Zikiwa zimevimba kidogo na zina rangi ya waridi, hiyo ndiyo habari yenyewe.

[07:10] Mama Neema: Neema kamgeuza. Ni waridi. Zile za nyuma zimesimama kama vifungo vya shati jipya.

[07:11] Mama Neema: Ee Mungu wangu. Mimi mchele wa vitumbua wenyewe nakopa.

[07:14] Baba Pendo: Lile shume la kijivu hilo. Si ndiyo maana tukaliita Sangara? Sangara kammaliza Furu, kama samaki sangara walivyowala samaki furu Ziwa Victoria. Historia ya ziwa imehamia uani kwetu.

[07:16] Anti Fundi: Mimi nina mimba ya miezi mitano hapa na hakuna aliyenishangilia hivi.

[07:31] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti, 1:47

[07:38] Mama Neema: Kwa wasio na bando, Neema kaandika. Bibi anasema: "Acheni kelele. Anayetaka kujua mimba ina siku ngapi akumbuke zile kelele za usiku zilikuwa lini. Mimi nakumbuka sikulala siku tatu. Mama Kulwa alikuwepo nyumbani, tulitoka wote na ndoo ya maji."

[07:41] Mama Kulwa: Kweli kabisa! Ilikuwa mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa haikutoka, nilikaa nyumbani wiki nzima na madeni yangu. Na sasa hivi nipo nyumbani tena, mwezi umejaa tena.

[07:44] Shija Mabuki: Safi sana Bibi. Basi ana kama siku 29, 30. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Mwezi ukijaa tena, ongezeni siku nne au tano, atakuwa anatafuta pa kuzalia.

[07:46] Mama Kulwa: Yaani atazaa dagaa wakiwa wameadimika. Huyu paka hana akili ya biashara.

[07:50] Mzee Chumba 6: Gunia lipo. Ziwa lipo.

[07:51] Anti Fundi: Mzee!

[07:53] Mama Kulwa: Ziwa lina takataka za kutosha Mzee wangu. Halafu tangu Furu aje sijatobolewa gunia hata moja na panya. Mwaka jana walinitoboa manne.

[07:58] Mama Neema: Shija mwanangu, hakuna namna ya kuitoa?

[08:05] Shija Mabuki: Ipo mama. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi hata akiwa na mimba, hasa ikiwa changa. Ila ni upasuaji, unataka hela sasa hivi.

[08:06] Mama Neema: Sasa hivi nina elfu tatu na mia mbili.

[08:07] Shija Mabuki: Basi azae. Hela ianze kuwekwa leo kwa ajili ya kumfunga baada ya hapo.

JUMATATU

[19:20] Mama Neema: Swali la chakula. Anakula ugali na mchuzi tulioacha. Inatosha?

[19:26] Shija Mabuki: Hapana mama. Mbwa anaweza kujikongoja na ugali, paka hawezi, lazima apate samaki au nyama. Na mchuzi wenye kitunguu usimpe kabisa, kitunguu kinaharibu damu ya paka. Kitunguu saumu vilevile.

[19:28] Mama Neema: Yesu. Mbona mchuzi wangu wote ni kitunguu.

[19:33] Mama Kulwa: Mama Neema njoo na kikopo, nina chenga. Wale waliokatika vichwa siwezi kuwauza kwa sado, lile kopo la kupimia, huwa nawatupia wafugaji wa kuku. Lakini hawa wameanikwa mchangani, si kwenye chanja. Osha maji matatu, la sivyo paka atazaa tofali.

[19:35] Baba Pendo: 😂😂😂 atazaa tofali

[19:37] Shija Mabuki: Mama Kulwa kasema kweli. Osha, chemsha bila chumvi, usimwage supu yake, changanya na ugali kidogo. Mapanki, yale mabaki ya sangara ya kiwandani, pia mazuri ukichemsha na kuambua nyama, ila miba ya sangara ondoa yote. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, tumbo limebanwa na watoto. Akianza kunyonyesha atakula mara mbili hata tatu ya kawaida, kwa hiyo wekeni akiba kabla ya mbalamwezi.

[19:40] Anti Fundi: Na maziwa? Mimi naambiwa ninywe maziwa.

[19:41] Shija Mabuki: Wewe kunywa Anti. Paka wengi wakubwa maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Yeye maji tu, safi, kila siku.

[19:52] Mama Neema: Kuna mama hapa sokoni ananiambia akishazaa nimpe vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, nusu nusu. Ni bei ndogo.

[19:54] Baba Pendo: Apelekwe nyota ya kijani, kliniki ya uzazi wa mpango, na kadi yake kabisa.

[19:59] Shija Mabuki: Tusicheke sana, watu wanafanya kweli. Zile homoni zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Mtatumia hela nyingi kuliko za kumfunga, na paka mnaweza kumkosa.

[20:00] Shija Mabuki: Na Panadol pia. Hata akilia kwa uchungu namna gani. Kidonge kimoja kinaweza kuua paka.

[20:03] Mama Neema: Nimesikia. Panadol nimeiondoa hata mezani.

ALHAMISI

[13:15] Anti Fundi: Shija njoo taratibu. Wifi yangu wa Igoma kanipigia, anasema mjamzito akikaa na paka mtoto anazaliwa kipofu. Nimelia. Nimefunga duka.

[13:17] Mama Neema: Jamani Anti. Kama ni hivyo nimtoe leo leo.

[13:29] Shija Mabuki: Msimtoe. Anti futa machozi kwanza nikueleze. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma. Ni kweli kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Lakini hakitoki kwenye manyoya wala kwa kukaa nyumba moja. Kinatoka kwenye kinyesi, na kinyesi kibichi bado hakiambukizi, kinahitaji siku moja hadi tano kukomaa.

[13:31] Shija Mabuki: Kwa hiyo choo cha paka kisafishwe kila siku na mtu mwingine, si wewe. Ukigusa udongo wa bustani nawa kwa sabuni. Osha mboga. Na ile nyama choma yako ya Ijumaa yenye damudamu iache mpaka ujifungue, maana hata nyama isiyoiva inaleta.

[13:33] Anti Fundi: Nyama choma tena 😭

[13:34] Shija Mabuki: Na kliniki waambie unaishi na paka, watakushauri.

[13:36] Neema: Shikamooni, ni Neema kwa simu ya mama. Mchanga wa Furu nasafisha mimi kila asubuhi kabla ya shule. Anti usilie.

[13:38] Anti Fundi: Marahaba mwanangu. Ukija nitakushonea sketi ya shule bure, ile imeshapauka.

(wiki nne baadaye)

JUMATANO

[21:05] Mama Kulwa: Mwezi umejaa. Nipo nyumbani. Sado imepanda, msiniulize.

[21:11] Mama Neema: Furu anaingia kila chumba anakwaruza. Jana kaingia kwenye kapu la vitambaa vya Anti. Leo kakutwa ndani ya begi la kodi la Bibi.

[21:14] Shija Mabuki: Anatafuta kiota. Boksi la kumtosha kujinyoosha, mdomo mmoja tu, liwekwe kwenye giza na utulivu. Chini magazeti, juu kitambaa kikuukuu kisicho na nyuzi za kunasa makucha.

[21:20] Mzee Chumba 6: Boksi la redio yangu liko juu ya kabati. Mlirudishe.

[21:21] Mama Neema: Ahsante Mzee. Ila halitarudishika.

JUMATATU

[02:48] Mama Neema: Shija umelala?

[02:48] Mama Neema: Mvua inanyesha hapa, umeme umekatika. Furu anahema mdomo wazi na ananiangalia machoni.

[02:52] Shija Mabuki: Niko macho mama, nina mtihani. Anasukuma?

[02:53] Mama Neema: Anajikunja, anaachia. Neema kashika tochi.

[02:54] Shija Mabuki: Angalia saa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kutoa kitu, au ukitoka ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, msingoje asubuhi. Baba Pendo yupo?

[02:55] Baba Pendo: Nipo. Pikipiki ina mafuta. Kapu la mkaa nimelikung'uta.

[03:07] Mama Neema: Mmoja!! Katoka kwenye mfuko kama wa nailoni, Furu kaupasua mwenyewe, analamba mpaka mtoto anabingirika. Wa kijivu. Baba yake mtupu.

[03:09] Shija Mabuki: Safi. Asipoupasua ndani ya dakika moja upasue wewe puani. Kondo la nyuma akilila mwache, ila hesabuni.

[03:31] Mama Neema: Wa pili. Wa njano!

[03:32] Mama Kulwa: Wa njano? Hapa mtaani nani ana dume la njano?

[03:33] Baba Pendo: La duka la kona. Furu naye!

[03:34] Shija Mabuki: Inawezekana kabisa, uzao mmoja baba wawili.

[03:36] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:09

[03:37] Mama Neema: Bibi anacheka tu. Sekunde zote tisa.

[03:58] Mama Neema: Wa tatu, mweusi na soksi nyeupe. Sasa katulia, ananyonyesha, lakini tumbo bado lina kitu.

[04:00] Shija Mabuki: Akipumzika bila kusukuma si tatizo, wengine wanapumzika hata saa nzima. Usimshikeshike.

[04:41] Mama Neema: Wa nne katoka. Mdogo sana. Hapumui.

[04:42] Shija Mabuki: Kichwa kielekee chini, futa pua na mdomo, msugue mgongoni kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu kuliko unavyodhani.

[04:55] Mama Neema: Neema bado anasugua.

[05:10] Mama Neema: Amekwisha. Nilimwambia basi, akaniambia mama bado ana joto. Ni joto la mikono yake.

[05:11] Shija Mabuki: Poleni. Mpe pole Neema.

[05:20] Mama Neema: Makondo manne. Kamaliza. Kalala nao.

[05:22] Shija Mabuki: Watatu hao msiwaache wapate baridi. Chupa ya maji ya moto, si ya kuchemka, ifungwe khanga, iwekwe pembeni ya boksi. Na Furu apewe supu ya dagaa sasa hivi.

[05:24] Mama Kulwa: Nakuja nayo. Nimefungua akiba.

(wiki ya tano baada ya kuzaa)

JUMAPILI

[10:02] Mama Neema: Habari za Jumapili. Watoto wa Furu, Gogogo, Ningu na Kamongo, wanakula chenga wenyewe. Nani anachukua? Shija anasema wasitoke kabla ya wiki nane, ila majina niandike leo.

[10:05] Mama Kulwa: Ningu ni wangu, nampeleka kibandani mwaloni Kirumba akalinde magunia.

[10:06] Baba Pendo: Mkwe wangu Buhongwa anamtaka Kamongo. Ana ghala la mahindi.

[10:14] Mzee Chumba 6: Panya wamekula soksi zangu mbili. Za mguu mmoja mmoja. Nipeni huyo Gogogo kama ni dume. Dume halizai.

[10:16] Shija Mabuki: Mzee, Sangara naye alikuwa dume la mtu.

[10:17] Anti Fundi: 😂😂 Ahasiwe basi. Hata na Sangara mwenyewe.

[10:18] Baba Pendo: Hapo wanaume wa kundi hili tunaomba mjadala zaidi.

[10:20] Shija Mabuki: Kuhasi dume ni rahisi kuliko kumfunga jike. Lakini Furu kwanza. Paka anaweza kurudi kwenye joto akiwa bado ananyonyesha. Na watoto wakitimiza miezi mitatu wachanjwe kichaa cha mbwa, muulizeni afisa mifugo wa kata chanjo inapita lini.

[10:25] Mama Neema: Kuhusu kumfunga: wa kwanza niliyemuuliza kanitajia bei ya kodi ya miezi miwili, nikasema ahsante nikaondoka. Yule aliyeelekezwa na Shija kakubali nusu kwanza, nusu baada ya mwezi. Kibubu kina 11,500. Bado 8,500 kutimiza hiyo nusu.

[10:27] Mama Kulwa: Natuma 2,000.

[10:28] Anti Fundi: 2,000. Ni ile ya nyama choma.

[10:29] Baba Pendo: 1,500 jioni, nikipata abiria.

[10:40] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:31

[10:44] Mama Neema: Bibi anasema 3,000 iliyobaki atoe yeye, ila asione tena mkojo wa paka kwenye begi la kodi. Siku ya daktari ni Jumanne ya wiki ijayo. Mpaka hapo Furu hatoki nje.

[18:37] Neema: Shikamoo Bibi, funga dirisha la jikoni haraka. Sangara yuko juu ya jiwe, anaita.