Usupavaiza wa supamaketi una faida?

Bi Keshia, Nyali: Jamani, keshia wa 28,000 akipewa usupavaiza wa 33,000 bila ovataimu, akubali?

Mzee wa Hesabu: Piga hesabu kwanza, dadangu. Kwenye hizo 5,000, NSSF (akiba ya uzeeni) hula 6%, SHA (bima ya afya) 2.75%, tozo ya nyumba 1.5%, kisha kodi ya mapato 25% ya kinachobaki. Mkononi zabaki kama 3,360. Sasa ovataimu ya saa 20 kwa mwezi: 28,000 ÷ 225 (saa za mwezi) × 1.5 × 20 ni 3,733 kabla ya makato, kama 2,510 baada yake. Ukiitoa, nyongeza yenyewe haifiki 900. Ukiishi Likoni na duka lafungwa saa tatu usiku, nauli yaimaliza.

Kaunta Namba 4: Mimi naogopa upungufu wa pesa zaidi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 huruhusu ukatwe pesa zilizopotea kwa uzembe, ikiwa mkataba umekukabidhi pesa. Chenji ya asubuhi ihesabuni wawili, mtie sahihi. Kadi ya kufutia bidhaa kwenye mashine usimwazime keshia hata foleni ikiwa ndefu. Kila kilichofutwa kimeandikwa jina lako.

Bi Keshia, Nyali: Ahsanteni. Basi niitishe ngapi?

Mzee wa Hesabu: 36,000, na barua ya cheo kabla ya kushika funguo.