"Hofu iko moyoni, si machoni": huyu mwendesha mchezo ametuchosha!

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye meza ya Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, na damu inachemka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye daftari la "sheria za nyumbani" alizojitungia, nene kuliko kitabu cha mchezo chenyewe.

Uchawi wa Hofu, ngazi ya 3, D&D toleo la 5. Koni ya futi 30. Aliyemo anarusha dadu ya kujiokoa kwa Busara. Akishindwa anadondosha alichoshika na kila zamu anamkimbia mchawi, hadi dakika moja. Sawa. Lakini ukimaliza zamu mahali usipomwona mchawi, unarusha tena! Imeandikwa! Mpiganaji yuko nyuma ya ukuta wa mawe ambao hata risasi haipenyi, na bwana mkubwa anajibu: "Hofu iko moyoni, si machoni."

Moyoni!

Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye Akili 18: 8 za msingi + 3 za ujuzi wa ngazi yake + 4 za Akili, kiwango cha kufikia kwa dadu ya pande 20 ni 15. Mpiganaji wa Busara 10 haongezi kitu, anaokoka kwa asilimia 30 tu. Mnyime marudio, atakimbia dakika nzima, yaani raundi 10, futi 60 kila raundi. Futi 600! Shoka liko pangoni, mwenyewe anakaribia kuvuka mpaka wa nchi. Kisa? MOYONI.

ShokaButu: Moyoni 😂😂 Mwambieni na mishale apige kwa moyo, asitazame.

KasisiMkali: Mleta uzi, punguza jazba. Marudio ni mwisho wa zamu, si ukigusa ukuta tu. Wengi mnarusha katikati ya mbio. Halafu kwa nini hamkumchapa mchawi? Kila kipigo anarusha Ustahimilivu kulinda umakini unaoshikilia uchawi wake: kiwango ni 10 au nusu ya madhara, iliyo kubwa. Mishale mitatu, majaribio matatu. Umakini ukikatika, Hofu imekwisha.

Mleta uzi: Ulikatika! Akasema ikishaingia moyoni haimhitaji tena mchawi!!

Pande20: Pole, ila mnaingia pangoni bila uchawi wa Ushujaa? Ngazi ya 1 tu, kinga kamili ya hofu. Mmejitakia.

BintiJoka: Afadhali mwendesha mchezo wenu. Joka jekundu lililokomaa, kiwango cha kuhimili kitisho chake ni 19. Ukifaulu una kinga ya saa 24 dhidi ya kitisho chake. Wetu anaifuta kila likipiga mbawa! Tunarusha upya raundi zote!

ShokaButu: Dada, huyo wako ni balaa. Umeshinda.

Pande20: Hivi kwenye Hofu ngao nayo inadondoka?

KasisiMkali: Haidondoki. Ngao unaivaa, kuivua ni tendo zima la zamu.

BintiJoka: Mbona inakula mkono? Imeshikwa hiyo.

KasisiMkali: Ina mikanda!

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye ukuta...

Pande20: Subiri kwanza. Mikanda mingapi?