Naomba ushauri: penseli za rangi na utando mweupe kwenye mchoro

Ndugu wanachama, habari za kazi. Niko Mtwara, na ninachora mabibo kwa penseli za rangi zenye nta, juu ya karatasi ya manila, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi madukani huku. Huanza na manjano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho nyekundu, nikikoleza taratibu na kuacha wazi sehemu ya mng'ao, maana bibo lisilong'aa huonekana kama pilipili hoho. Tatizo ni kwamba baada ya tabaka kadhaa karatasi huwa telezi na kukataa rangi, na siku chache baadaye sehemu nyekundu hufunikwa na utando mweupe, ambao naelewa kuwa ni nta inayopanda juu. Nimeufuta kwa kitambaa laini, ukaondoka, kisha ukarudi. Nimepunguza nguvu ya mkono na kuchonga penseli zaidi. Utando umepungua, lakini wekundu nao umefifia.

Je, nikihamia penseli zenye mafuta, nitapata wekundu mkolevu bila utando huo? Na dawa ya kupuliza ya kuhifadhi michoro, hupulizwa katikati ya tabaka au baada ya mchoro kukamilika? Natanguliza shukrani.